Tulivyomwanika Mwalimu kama Kahawa

"Hii dawa ya mifupa ndiyo imekula vitamini yangu?"

Mwalimu Kathure aliniuliza hivyo Jumatatu moja asubuhi, akiwa amesimama mbele ya kaunta ya duka letu la dawa mjini Meru, karatasi mbili za maabara mkononi. Ya kwanza ilipimwa kabla hajaanza vidonge vya mifupa. Ya pili ilipimwa miezi sita baadaye. Kiwango cha vitamini D kwenye karatasi ya pili kilikuwa kimeshuka, tena kimeshuka hadi maabara ikakipigia mstari. Alikuwa amefundisha hesabu maisha yake yote, kwa hivyo hakuhitaji nimweleze kwamba nambari imepungua. Alitaka kujua ni nani ameipunguza.

Nyuma yake kulikuwa na watu watatu. Mmoja alikuwa akigongagonga kioo kwa funguo zake.

Sikujua jibu. Nikasema, "Hapana, Mwalimu. Dawa haili vitamini. Ni hizi maabara zetu, kila moja na mashine yake."

"Zote mbili ni za maabara moja."

"Basi ni mashine. Mashine pia huzeeka."

"Kama mimi," akasema, akazikunja karatasi zake mara nne na kuzirudisha mkobani. "Asante, daktari."

Ninyi mnaomaliza chuo mwaka huu na kungojea kuvaa yale makoti meupe, nawaandikia kwa sababu ya ile hapana. Najua mtacheka nikisema nimestaafu. Nina miaka thelathini na mbili, nafuga kuku wa mayai nyumbani Embu, na mama yangu bado huwaambia majirani kwamba niko likizo. Lakini nilikaa kwenye kaunta miaka saba, na kwa jinsi miguu yangu inavyouma jioni, hiyo ni pensheni ya kutosha.

Kwanza mjue kwamba mtaitwa daktari. Hata mkikataa. Ukisema "mimi ni mfamasia" mtu anakujibu "sawa, daktari." Mwenye duka, Mzee Mutuma, alikuwa ameitwa hivyo muda mrefu hadi akaacha kugeuka akisikia jina lake. Alinifundisha mengi mazuri: kusoma mwandiko wa madaktari, kumtambua mtu anayenunulia jirani dawa kumbe ni yake, kutompa mtu dawa ya kikohozi kabla ya kumsikia akikohoa. Lakini pia alinifundisha jambo moja ambalo naomba mlikatae siku ya kwanza.

"Kaunta haijui neno 'sijui,'" aliniambia. "Ukisema hujui, mgonjwa anatoka hapa na wasiwasi mbili. Ule aliokuja nao, na wako."

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu nikiwa na sifa ya kuuliza. Wahadhiri walikuwa wakiona mkono wangu juu wanaangalia saa. Mmoja aliwahi kuniambia, "Wawira, swali lako ni zuri, lakini keti." Sasa hebu nielezeni: mtu aliyekuwa akimwuliza kila profesa ushahidi uko wapi, anawezaje kusimama mbele ya mwalimu mstaafu na kumwambia mashine imezeeka? Hadi leo najikasirikia. Kumbe kuuliza kila kitu ni rahisi. Kuulizwa ndiko kulinishinda.

Sasa niwaambie tulifikaje pale, kwa sababu kosa halikuanzia Jumatatu hiyo.

Mwalimu Kathure ni wa Githongo. Aliteleza mlangoni mwa jikoni siku ya mvua, akajizuia kwa mkono, mkono ukavunjika. Kuanguka kwenyewe kulikuwa kudogo sana. Mtoto angeinuka na kuendelea kukimbia. Daktari wa hospitali akaona si bure, akampima, akamwambia mifupa yake imepungua uzito na imejaa vitundu kama sifongo. Akamwandikia vitu vitatu: kidonge cha mifupa cha kumeza mara moja kwa wiki, kalsiamu, na kapsuli za vitamini D. Alikuja kwetu na mke wa mwanawe, Mukami, ambaye hufanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa huko kwao, kwenye meza za kuanikia.

Kile kidonge cha wiki nilikieleza vizuri. Hapo sijilaumu. Na ninyi kielezeni kila mara, hata mgonjwa akiwaambia anajua, kwa sababu hajui. Kinamezwa asubuhi, tumbo tupu, na gilasi nzima ya maji matupu. Baada ya hapo mtu akae wima au asimame nusu saa, bila kulala, bila kula, bila chai. Chai ya maziwa inakizuia kisiingie mwilini, na ukijilaza kinaweza kubaki kwenye umio na kuuchoma.

Nilijifunza kusisitiza kwa sababu ya mfanyabiashara mmoja wa miraa kutoka Maua, ambaye aliingia dukani akiwa amewaka. Mama yake alikuwa anaungua kifua, na yeye alishaamua kwamba tumemuuzia dawa ya panya.

"Anakimeza vipi?" nikamwuliza.

"Vile watu humeza dawa. Na chai. Halafu anajifunika tena kidogo, kuna baridi."

"Chai hapana. Maji matupu, na asirudi kitandani. Nusu saa ndipo anywe chai."

Alinitazama kama mtu aliyetukanwa. "Daktari, wewe ni wa wapi?"

"Embu."

"Ndio maana. Huku kwetu, mimi nimwamkie mama yangu nimwambie hakuna chai? Nusu saa? Njoo umwambie wewe. Nitakulipia nauli ya kwenda. Ya kurudi sijui kama utaihitaji."

Mwalimu Kathure hakuwa na shida hiyo. Alichagua Jumamosi, akameza kidonge chake, kisha akasimama nusu saa akipiga pasi nguo za kanisani. Nidhamu yake ilinitia aibu.

Kapsuli za vitamini D ndizo nilizozikosea. Na nilizikosea kwa sababu ya akili nyingi.

Lazima mwelewe duka letu. Mzee Mutuma hakuwahi kumwacha mtu atoke bila vitamini fulani. Umekuja na jino, unatoka na dawa ya jino na sharubati ya kuongeza damu. Umekuja kuulizia choo cha soko kiko wapi, unatoka na vidonge vya kuongeza nguvu. Hilo lilinichosha kabisa. Nikajiwekea ahadi kwamba mimi nitakuwa yule mmoja wa kumwambia mgonjwa ukweli. Kwa hivyo Mwalimu aliponiuliza, "Na hizi kapsuli, ni lazima kweli?" nilimvuta pembeni, mbali na masikio ya Mzee Mutuma, nikamwambia kwa sauti ya chini kama mtu anayefichua siri ya serikali:

"Mwalimu, vitamini D inatengenezwa na ngozi ikipigwa na jua. Sisi tuko juu ya ikweta. Hizi kapsuli zimeandikiwa watu wa nchi za theluji. Ota jua tu, ni la bure."

Mukami akafurahi sana. "Hiyo ndiyo kazi yangu," akasema. "Jua mniachie mimi."

Kumbukeni hayo maneno. Nami nirudi kwenye karatasi.

Nilipomwambia Mwalimu kwamba mashine imezeeka, aliniamini. Huo ndio mzigo wa koti jeupe, unaaminiwa hata ukiropoka. Karatasi ya pili akaiweka nyumbani ndani ya Biblia, akahesabu kwamba ile ya kwanza ndiyo sahihi. Baada ya muda kile kidonge kikaanza kumchoma kifua, ingawa alikuwa akikimeza kwa utaratibu wote. Daktari wake hakuwepo wiki hiyo. Aliyeshika zamu akaamua kumbadilishia dawa. Angepewa dripu, dawa ya jamii ile ile inayoingia kwenye mshipa mara moja kwa mwaka. Kabla ya kumpa, akauliza swali linalotakiwa kuulizwa: vitamini D yake ikoje? Mwalimu akatoa karatasi ya kwanza. Ilikuwa nzuri. Akapewa dripu.

Siku ya tatu simu ya duka ikalia saa nne asubuhi. Alikuwa Mukami.

"Daktari Wawira, mama anasema midomo inamtekenya. Kama mtu aliyekula pilipili. Na vidole. Tena misuli ya miguu inamkaza hadi analia. Mama huyu mimi sijawahi kumwona akilia."

Mzee Mutuma alikuwa karibu, akasikia. "Ni homa ya dripu," akasema, akipunga mkono. "Huwa inawashika siku mbili tatu. Mwambie ampe ya maumivu na maji mengi."

Na ni kweli, dripu hiyo huleta homa na maumivu ya mwili kwa wengi siku za kwanza. Jibu lilikuwa tayari, limepikwa, la kupakua tu. Lakini homa haitekenyi midomo. Nikakumbuka karatasi yenye mstari.

"Mukami," nikasema, "sijui ni nini. Unanisikia? Sijui. Mpelekeni hospitali sasa hivi, msingoje mchana. Waambieni amepata dripu ya mifupa juzi, wampime kalsiamu kwenye damu. Na mbebe ile karatasi ya pili."

"Ile ya mashine mbovu?"

"Mashine haikuwa mbovu. Mimi ndiye."

Mzee Mutuma alininunia hapo hapo. "Umemwambia mteja hujui," alisema mara tatu, kama mtu anayesimulia msiba. Kwa mara ya kwanza nilimjibu vibaya. Nilimwambia kwamba Mwalimu akifa atakuwa amekufa bila wasiwasi mbili. Nilivua koti, nikachukua mkoba wangu, nikaenda hospitali.

Kalsiamu yake ilikuwa imeanguka. Walikuwa wakimrudishia kwa mshipa, polepole, huku wakiuangalia moyo wake kwenye mashine, maana kalsiamu ikishuka zaidi ya hapo moyo nao hupoteza mwendo. Nilikaa kwenye benchi la nje na Mukami. Yeye alikuwa bado na aproni ya kiwandani. Alininong'oneza, "Akiondoka huyu, mimi pale kwao sina mtu." Nilidhani ananilaumu. Hakuwa ananilaumu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Jioni daktari wake wa kawaida, mwanamke mfupi asiye na subira, alitoka akanikuta. Nikajitambulisha. Nikamwuliza lile swali la Mwalimu, vile vile alivyoniuliza.

"Ni swali zuri," akasema. "Ulimjibu nini?"

"Nilisema hapana."

Akashusha pumzi kama mtu aliyeambiwa gari limeisha mafuta. Kisha akanieleza, na nawaeleza ninyi kama alivyonieleza, kwa sababu sijaona kitabu kilichosema kwa urahisi zaidi. Mfupa ni ghala la kalsiamu. Chakula kikipunguka, mwili unafungua ghala na kuchota, na mfupa unazidi kuwa mwepesi. Dawa hizi kazi yake ni kulifunga ghala. Nzuri. Lakini sasa damu haina pa kuchota isipokuwa tumboni, na tumbo haliwezi kuipokea kalsiamu ya kutosha bila vitamini D. Kwa hivyo mwili unapiga kelele, tezi za shingoni zinatoa amri, na figo zinachukua vitamini D iliyowekwa akiba na kuigeuza kuwa ile inayofanya kazi. Tunachopima kwenye karatasi ni akiba.

"Kwa hivyo dawa inaila?" nikauliza.

"Haiili. Inaweza kuufanya mwili uitumie zaidi. Kwa mwenye akiba, hutaona kitu. Kwa asiyeongezewa, nambari inaweza kushuka, na ukimfungia ghala kwa nguvu kama hii ya dripu, ndio unamwona kitandani hapo. Alikuwa anameza kapsuli zake?"

Nilimwambia nani alimkataza. Hakunigombeza. Aliandika tu kitu kwenye faili, na mimi hadi leo natamani angenigombeza.

Mwalimu alirudi nyumbani baada ya siku nne. Jumamosi iliyofuata nilipanda hadi Githongo kumwomba msamaha, na hapo ndipo nilipoona jua tulilomwandikia.

Nilifika kabla ya saa sita. Mwalimu alikuwa uani kwenye kiti, amevaa sweta mbili, leso begani, kitambaa kichwani, soksi, na juu ya vyote hivyo Mukami alikuwa anamtandazia gunia safi.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Namfunika. Jua limekuwa kali." Alinishangaa. "Si ulisema tumwanike? Asubuhi saa mbili namtoa, saa tano namfunika, saa tisa namfunua tena hadi jua lipoe. Sijawahi kukosa siku."

Nilielewa polepole. Kwenye meza za kiwanda, kahawa ikishamenywa na kuoshwa huanikwa juani asubuhi, na jua la mchana likiwa kali inafunikwa, la sivyo ganda linapasuka na kahawa inaharibika. Mukami alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu atoke shule. Hakuna mtu Githongo aliyekuwa anajua kuanika kumzidi yeye. Nami niliposema "jua" bila saa, bila kusema ngozi iwe wazi, yeye alisikia kazi yake. Akamtoa mama wakati jua halina nguvu ya kutengeneza vitamini, na kumfunika wakati linayo.

"Miezi yote hii?" nikasema.

"Nilimgeuza pia," akasema Mukami kwa fahari kidogo. "Upande huu, halafu upande huu."

Mwalimu alianza kucheka chini ya gunia. Alicheka hadi kitambaa kikamteleza. "Mimi nilijua," akasema. "Nilikuwa nangoja tu siku atakaponichambua anitoe mbegu mbovu."

Kisha akakunja uso. Akaniambia nisogee. "Wawira, nimefundisha watoto wengi. Mtoto asiyejua jibu huandika lolote, ili karatasi isikae tupu. Nilikuwa nawapa sufuri na kuwaandikia pembeni: ungeniita. Ungeniambia hujui, ningemwuliza daktari wangu siku hiyo hiyo. Kumwuliza hakungenichukua dakika tano."

Sikujitetea. Nilimwomba msamaha, akanikubalia, akaagiza tuletewe chai.

Lakini mtu mwenye akili nyingi hafundishiki kwa siku moja, na hapa ndipo naomba msome taratibu. Kapsuli alirudishiwa na daktari, na safari hii hakuna aliyemkataza. Ila mimi, kwa kutaka kusahihisha, niligeuka bingwa wa jua. Nilimwambia Mukami: saa sita, mikono wazi, miguu wazi, robo saa, kisha kivulini. Nilikuwa nikipanda mara kwa mara kukaa naye, nimekunja mikono ya blauzi ili Mwalimu asione aibu peke yake. Majirani wakipita walituuliza kama tumehamia Malindi. Mwalimu aliwajibu kwamba tunakauka, kiwanda kitatupokea wiki ijayo.

Mwaka ulipofika wa dripu ya pili, alipimwa upya, kalsiamu na vitamini D, zote mbili. Zilikuwa sawa. Mwalimu hakuikubali hiyo dripu hadi daktari amwonyeshe karatasi na tarehe yake. Aliipata, akarudi nyumbani, na siku ya tatu akanipigia simu kuniambia kwamba midomo yake iko kimya na mimi pia ninaweza kunyamaza. Bado anatembea bila mkongojo. Mimi nilijipa sifa. Nilimwambia kila mtu dukani kwamba ni lile jua la saa sita, na Mzee Mutuma, ambaye angeweza kuniuliza ushahidi uko wapi, akaendelea kupanga chupa zake.

Juzi, nimeshaacha kazi, nilikuwa nasoma tu kwa kujifurahisha, na nikakuta jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia na mimi sikuwahi kuuliza. Ngozi ikizeeka inapoteza ile mali ghafi ambayo jua hugeuza kuwa vitamini D. Mtu wa miaka sabini na kitu hutengeneza sehemu ndogo tu ya kile anachotengeneza kijana chini ya jua lile lile, kwa dakika zile zile. Tulikaa benchi moja, mikono wazi, saa sita kamili, Jumamosi nyingi: mimi nikipata vitamini ambayo sikuwa na shida nayo, na Mwalimu Kathure akipata, zaidi ya yote, joto.